UZI: Colorado radi bondeni na theluji mlimani siku moja, tusomeje utabiri wa msimu huu?

DerevaWaKibosho · Jumatano usiku

Wakuu salaam. Nimepaki lori Aurora hapa pembeni ya Denver nikaona niandike kabla sijalala maana kila mwaka kuanzia Machi mpaka mwisho wa Mei kitu ni kilekile kwenye magrupu yetu. Mtu anachungulia nje anaona jua, digrii ishirini na kitu, watoto wanacheza na kandambili, anapakia familia kwenye gari anaelekea magharibi milimani na barabara kuu ya I-70, saa moja na nusu baadaye anapiga simu yupo kwenye theluji na tairi zinazunguka palepale.

Sasa kuna mfumo wa dhoruba unaingia Ijumaa. Simu yangu inaonyesha radi na mvua ya mawe mchana kwa sisi wa chini na theluji kwa walio juu kuanzia jioni. Najua wengi wakiona hivyo wanasema hawa watu wa hali ya hewa wamechanganyikiwa, radi na theluji siku moja inakuwaje. Hawajachanganyikiwa wakuu, ni wingu moja linalonyeshea nchi yenye ngazi.

Sisi tuliokulia upande wa Kibosho, chini ya Kilimanjaro, hili tuliliona tangu utotoni. Masika, Aprili, mvua inapiga kwenye migomba siku tatu mlima hauonekani, ngurumo usiku kucha, siku ya nne asubuhi wingu linafunguka unakuta Kibo imekuwa nyeupe mpaka chini kuliko ilivyokuwa. Maji yaliyolowesha migomba yetu na ile theluji vimetoka wingu hilohilo. Hakuna mzee aliyeshangaa.

Denver ipo futi 5,280, mita 1,600 na kidogo, juu kidogo ya Arusha. Tuneli ya Eisenhower kwenye hiyo I-70 mlango wake wa magharibi upo futi 11,158 ambayo ni mita 3,400. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanajua kambi ya Mandara ni mita 2,720 na ya Horombo ni 3,720, kwahiyo mimi na lori langu tunapita katikati ya Mandara na Horombo, na kufika hapo toka mjini ni mwendo wa saa moja tu! Kwa miguu kule kwetu ungetembea siku mbili unaongeza nguo kila kituo, huku unapanda umekaa kwenye kiti umewasha hita mwili haukuambii chochote.

Kwa wastani hewa inapoa digrii 6 na nusu za selsiasi kila ukipanda kilomita moja. Denver ikiwa 14, toa kama 12, kule tunelini una 2. Halafu mvua ikianza, matone yanayogeuka mvuke njiani yanakula joto la hewa, hizo 2 zinakuwa sifuri na mvua imekuwa theluji. Ndio maana nasema usisome utabiri wa mji unakotoka, soma utabiri wa sehemu ya juu kabisa utakayopita, na saa utakayoipita.

Mwaka wangu wa kwanza kuendesha ilikuwa Mei, nimevaa fulana, bosi wa ile kampuni akaniambia cheni za tairi acha hapo msimu umeisha. Nilikaa njiani chini ya tuneli toka saa kumi na mbili jioni mpaka alfajiri. Mkongo mmoja wa Bukavu aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyenipa blanketi na chai. Sijamsahau, na ndio sababu naandika.

Kijana_wa_Tanga · Jumatano usiku

Mkuu umenishtua kweli. Mimi nina miezi minne tu huku, nipo Aurora, na Ijumaa tunaenda Salt Lake City kwenye harusi ya binamu yangu, harusi yenyewe Jumamosi jioni. Tulipanga tutoke saa tisa mchana nikitoka kazini, mke, watoto wawili na mama mkwe. Kuna mtu kanishauri tupite juu kwa I-80 ya Wyoming eti huko hakuna milima mikali. Naombeni ushauri wakuu, sitaki kuwaweka watoto hatarini.

DerevaWaKibosho · Jumatano usiku

Mdogo wangu asante kwa kuuliza mapema. Saa tisa mchana Ijumaa ndio saa mbaya kuliko zote, utatoka mjini na mvua ya mawe kichwani ufike juu wakati theluji inaanza kushika lami na watu wote wa wikendi wako mbele yako.

Wyoming milima haionekani mikali ila barabara ipo juu vilevile, pale kati ya Cheyenne na Laramie inafika futi 8,640 na ndio sehemu ya juu kuliko zote ya I-80 nchi nzima. Halafu Laramie mpaka Rawlins kupita Elk Mountain kuna upepo unaosukuma theluji barabarani huoni boneti yako mwenyewe, wanaifunga barabara mara nyingi tu. Mimi na lori tupu pale sipiti siku ya upepo.

Omba ruhusa kazini. Toka saa kumi alfajiri ya Ijumaa, saa kumi na moja na nusu uwe umeshavuka tuneli, baada yake kuna kipito cha mlimani, Vail Pass, futi 10,662, ukishuka hapo unaelekea Glenwood mpaka Grand Junction mwinuko unapungua. Saa mbili na nusu tatu asubuhi upo Grand Junction unakunywa chai, mfumo wenyewe bado haujafika. Toka hapo kuna kilima kimoja Utah, Soldier Summit, futi 7,477, kwenye saa sita mchana utakipita.

Tairi zikoje?

Kijana_wa_Tanga · Jumatano usiku

Za nyuma zimekaribia kipara kusema ukweli.

DerevaWaKibosho · Jumatano usiku

Badilisha kesho, usingoje. Kuanzia tarehe 1 Septemba mpaka 31 Mei, I-70 kati ya Morrison na Dotsero kuna sheria ya tairi hata kwa gari dogo, unatakiwa kuwa na tairi zenye kina cha angalau 3/16 ya inchi, za theluji au zenye alama ya M+S (matope na theluji), na kama gari yako haivuti tairi zote nne beba na cheni. Malori sisi tunabeba cheni muda wote huo hata jua likiwaka, na ukikwama ukaziba njia faini inazidi dola elfu. Ona wameandika mpaka 31 Mei. Waliotunga sheria wanaujua mlima wao.

Msafiri254 · Alhamisi asubuhi

Sasa wasee, niko Fort Collins. Hii uzi imekuja time poa. Wacha niongeze kitu moja, watu wengi huangalia tu ile icon ya apu ya simu, wingu na radi, wanafunga. Enda weather.gov, andika jina la mji, ikifunguka kuna ramani hapo kando, bonyeza mahali yenyewe unaenda, kwa pass, sio kwa town. Itakupea forecast ya hiyo kipande ya kilomita kama mbili na nusu na juu yake imeandikwa iko futi ngapi. Mimi nikibonyeza Denver naona mvua, nikisongesha kidole kidogo tu hadi Loveland Pass naona snow inchi kadhaa, siku hiyohiyo saa hiyohiyo. Tangu nijue hiyo maneno sijawahi shikwa. Ya barabara nayo ni COtrip, kuna kamera unaona lami na macho yako.

MamaSifa_Greeley · Alhamisi asubuhi

Jambo bakaka na badada. Miye niko Greeley, tulitoka Bukavu. Bwana yangu anatumika usiku ku kiwanda cha nyama, anatoka saa sita ya usiku. Nasikia simu inalia inaandika mara Watch, mara Warning, mara Advisory, watoto wanaogopa, siye hatujue ile ya kukimbia ni gani. Na ya pili, nilishapanda lengalenga (muchicha) na maharagi nyuma ya nyumba, je itakufa? Mungu abariki mwenye atajibu.

DerevaWaKibosho · Alhamisi mchana

Mama Sifa shikamoo, swali lako ni la maana kuliko yote humu, ngoja nilijibu taratibu.

Watch maana yake mazingira ya hatari yapo, jipange. Kwa radi kali na kimbunga cha mkunjo (tornado) inatolewa na kituo cha Norman, Oklahoma, inafunika eneo kubwa, wilaya nyingi, kwa saa kadhaa. Warning maana yake inatokea sasa au ipo mlangoni, inatolewa na ofisi ya karibu na wewe, kwa upande wetu huu Boulder, na ile ya radi inafunika kipande kidogo kwa muda mfupi, mara nyingi haifiki saa moja. Hiyo ndio ya kukimbia. Advisory ipo chini ya Warning, inasema kutakuwa na usumbufu, endesha kwa uangalifu. Wale wa Tanzania mmezoea Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, hizo ni ngazi za ukali. Huku Watch na Warning sio ngazi za ukali, ni ukaribu. Hapo ndipo watu wetu wanapokosea, wanaona Watch wanakimbia kujificha, halafu ikija Warning wanasema aa jana ilikuwa hivihivi hakuna kilichotokea.

Warning ya radi kali wanaitoa mvua ya mawe ikifika inchi moja au upepo maili 58 kwa saa. Na nyinyi mpo wilaya ya Weld, hiyo ndiyo inayotajwa kuwa na vimbunga vya mkunjo vingi kuliko wilaya yoyote Marekani. Vingi ni vidogo, ila tarehe 22 Mei 2008 kilipita Windsor hapo jirani yenu mchana kikabomoa nyumba na mtu akafa. Kwahiyo simu ikiandika Tornado Warning, chukua watoto mshuke besimenti, kama haipo ingieni chumba cha katikati kisicho na dirisha, bafuni kwa mfano, mjifunike godoro. Usitoke nje kutafuta king'ora kinalia wapi.

Mzee akitoka kazini saa sita usiku mvua ya mawe kwa kawaida imeshapita, hofu ya saa hizo ni barafu nyembamba inayoganda usiku, huioni, lami inang'aa tu kama imelowa. Mwambie aende polepole hasa kwenye madaraja.

Lengalenga ngoja mwenye bustani ajibu.

NgomeKongwe · Alhamisi jioni

Assalaam alaykum. Mimi naezeka mapaa hapa Denver mwaka wa tisa sasa, asili yangu Unguja, kwa hiyo mvua ya mawe ndiyo inayonipa kazi ila wallahi sipendi kuiona.

Watu huuliza kwa nini huku mawe ni makubwa kuliko yale ya kwetu bara. Ndani ya wingu upepo unapanda kwa nguvu, jiwe linarushwa juu kwenye baridi linavikwa barafu, na likiwa zito upepo hauliwezi tena linaanguka. Sasa huku ardhi yenyewe ipo juu, jiwe halina safari ndefu kwenye hewa ya joto ya kuliyeyusha, linafika zima. Tarehe 8 Mei 2017 lilipiga Lakewood, Golden na Wheat Ridge saa za kutoka kazini, hasara ilizidi dola bilioni 2, mall moja Lakewood ilifungwa miezi kwa sababu paa lilitobolewa na maji yakajaa ndani. Nilifanya kazi mtaa mmoja kule majira yote ya joto, nyumba kwa nyumba.

Ijumaa basi, gari liwekwe ndani kabla ya saa nane mchana. Huna gereji, tafuta paking ya ghorofa au ya hospitali. Msisimame chini ya daraja la haiwei, wanaokuja nyuma hawakuoni na mnafunga njia ya magari ya wagonjwa. Upo barabarani, toka kwenye haiwei, simama sehemu, geuza pua ya gari mawe yapige kioo cha mbele maana hicho ndicho kigumu, vya pembeni vinamwagika.

Na jambo jengine, radi. Bibi yangu radi ikianza alikuwa akifunika vioo vyote kwa kanga na sisi watoto tunakaa kimya. Vioo havivuti radi, lakini ule utulivu wa kukaa ndani mbali na madirisha ulikuwa sahihi kabisa. Ukiona mwanga hesabu, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukisikia ngurumo tu ujue upo ndani ya masafa yake, ingia ndani au ndani ya gari lenye bodi ya chuma ufunge vioo, na usitoke mpaka dakika thelathini zipite toka ngurumo ya mwisho. Vijana wanaopenda kupanda vilele huku, saa sita mchana wawe wameshaanza kushuka.

Dada_wa_Bustani · Alhamisi jioni

Mama Sifa mimi ni Mnyarwanda nipo Aurora nalima dodo, hiyo lengalenga yenu, mwaka wa sita. Umewahi mno dada. Hapa baridi ya mwisho ya kugandisha huwa inafika mwanzo wa Mei na mara nyingine inapita. Mwaka 2022 tarehe 19 Mei tulikuwa tunatokwa jasho, karibu digrii 90 za farenhaiti, kesho yake theluji ikaanguka, matawi ya miti yenye majani yakavunjika mtaa mzima na umeme ukakatika. Theluji ya majira haya ina maji mengi, nzito, sio ile unga ya Januari. Ijumaa jioni funika bustani na shuka la kitambaa, weka vijiti lisiguse majani, usitumie nailoni ikagusa mmea maana pale inapogusa panaungua. Maharage yakifa usilie, panda tena katikati ya Mei. Lengalenga ina mbegu nyingi, itaota upya.

Mgumu_wa_Marangu · Ijumaa asubuhi (saa za Tanzania)

Nawasoma toka Marangu, mimi ni mwongozaji wa wapanda mlima, na huku tupo katikati ya masika. DerevaWaKibosho umeongea ukweli mtupu, wiki iliyopita Horombo mvua, Kibo theluji hadi magotini, Moshi mjini joto na mbu. Ila nina swali, huko theluji inaleta nini zaidi ya usumbufu? Maana huku watu wengi wanaamini maji yetu yote yanatoka kwenye theluji ya Kibo, wakati sehemu kubwa inatoka kwenye mvua inayodakwa na ule msitu wa chini.

DerevaWaKibosho · Ijumaa mchana, nipo Grand Junction

Kaka hapo ndipo milima hii miwili inapoachana. Kwetu msitu ndio tanki, ukikatwa msitu umekata maji. Huku theluji yenyewe ndio tanki. Inajazana toka Oktoba mpaka kwenye Aprili inafika kilele, halafu inayeyuka taratibu Mei na Juni inaingia mto Colorado, na mto huo unategemewa na watu kama milioni 40, majimbo saba ya Marekani na Meksiko. Kwahiyo mimi mwenye lori naichukia theluji ya Aprili, ila nikipita bondeni nikaona mashamba ya mipichi yanamwagiliwa moyo wangu unaikubali.

Na ule upepo wa kusini mashariki unaopanda toka Bahari ya Hindi ukamwaga mvua Kibosho na Machame ukaacha upande wa Rongai mkavu, huku nako upo. Dhoruba ikikaa kusini mashariki ya Colorado inavuta unyevu wa Ghuba ya Meksiko, upepo wa mashariki unausukuma ukapande milima, na Denver ndio ipo kwenye mteremko huo. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2003, mjini zilishuka inchi 31.8, sentimita 80 hizo, na Machi 2021 uwanja wa ndege ukapata 27.1. Ukisikia watabiri wanataja upepo wa mashariki na dhoruba imekaa kusini, nunua unga na mafuta ya kula mapema.

Kijana wa Tanga mmefika wapi?

Kijana_wa_Tanga · Ijumaa mchana

Mkuu tulitoka saa kumi kasoro alfajiri, tairi mpya. Tunelini palikuwa pakavu, baridi ya kukata, nyota zinaonekana. Vail Pass theluji pembeni tu. Sasa hivi tupo Price, Utah, watoto wanakula chipsi. Mama mkwe anakusalimia sana.

NgomeKongwe · Ijumaa jioni

Aurora imeanza saa tisa na robo. Mawe kama ndimu, dakika saba hivi, kisha mvua ya kawaida. Nyasi zote nyeupe. Saa kumi na mbili digrii zimeshuka toka 19 hadi 4. Majirani wawili vioo vya magari vimekwisha, alhamdulillahi hakuna aliyeumia.

MamaSifa_Greeley · Ijumaa usiku

Siye simu ililia Warning saa kumi, tukashuka chini na watoto, tukaimba, tukakaa nusu saa. Upepo mukali, mawe madogo. Bustani nilifunika. Aksanti bote.

DerevaWaKibosho · Ijumaa usiku

Mimi nimesimama Silverthorne, upande wa magharibi wa tuneli. Nilipofika Vail Pass saa kumi na moja jioni ilikuwa mvua iliyochanganyika na vidonge vyeupe laini, maili tano mbele theluji tupu. Na kuna radi ndani ya theluji wakuu, mwanga unawaka wingu zima linakuwa la zambarau halafu ngurumo inasikika kama ipo chini ya blanketi, theluji inaumeza mlio. Mbele wamefunga, malori mawili yamelala njiani. Nimeshafunga cheni, nina maji, blanketi mbili na ugali wa mchana. Hii blanketi ya pili nabeba kila safari kwa ajili ya mtu mwingine, na leo imepata mtu, kijana mmoja wa Kisomali gari lake dogo limezima.

Kijana_wa_Tanga · Jumamosi usiku

Harusi imefana wakuu, tunashukuru sana. Sasa naomba ya kurudi. Jumapili kamera zinaonyesha jua juu kule, tutoke usiku huu ili tuwahi kazini Jumatatu?

DerevaWaKibosho · Jumamosi usiku

Hapana, laleni. Theluji iliyoyeyuka mchana inaganda usiku na mkitoka sasa mtafika Vail Pass alfajiri, ndio saa barafu ipo ngumu kuliko zote. Tokeni Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, mfike Vail kwenye saa saba mchana lami imeshakauka, na kabla ya kuondoka Grand Junction bonyeza ramani pale kwenye pass kama Msafiri254 alivyosema. Kushuka toka tuneli kuja Denver weka gia ndogo, usikalie breki. Mkifika nijulishe.